Pamba Anambwekea Nani

Siku Fundi alipofariki, Pamba hakubweka.

Nyumba ilijaa watu tangu asubuhi. Mlango haukupumzika, viti viliburutwa, simu zililia kila pembe, wanawake walipishana na masinia ya vikombe. Mbwa yule, ambaye kwa kawaida hakumwacha hata mpita njia bila kumtangaza, alikuwa amelala chini ya meza ya kazi, kidevu juu ya kipande cha sponji, akiwatazama watu miguu tu. Waombolezaji waliinama wakamchungulia, wakasema mnyama anajua, naye amefiwa.

Shemeji, mdogo wake Fundi, ndiye aliyemkuta kaka yake sakafuni, nyundo bado mkononi, misumari midogo imetawanyika kando ya kinywa chake. Ndivyo Fundi alivyofanya kazi ya makochi maisha yake yote: misumari anaishika kwa midomo, anaitema mmoja mmoja kwenye ncha ya nyundo, na ukimsemesha anakuonyesha mdomo kwa kidole, maana yake subiri. Daktari alisema ni moyo, umesimama tu. Mke wake aliitwa akiwa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, mikono imezama kwenye mashuka. Alipofika nyumbani mumewe alikuwa amekwishachukuliwa. Alikuta stuli imepinduka, kochi la mteja limevaa kitambaa upande mmoja, na mbwa kimya.

Siku ile ukimya wa mbwa ulimfariji. Baadaye, alipoanza kupima kila kitu kwa mizani yake mwenyewe, ukimya huohuo ulimkaa kooni. Mbwa anayembwekea kila anayeingia, hata shemeji aliyemlea tangu mtoto, imekuwaje siku hiyo asiseme neno?

Kubweka kulianza wageni walipokwisha kurudi makwao naye mke wa Fundi akarudi kazini. Yeye hakukusikia. Aliletewa habari. Jioni moja, hata kabla hajaweka mkoba chini, Mama Pacha wa nyumba ya pili alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni, macho mekundu kama mtu aliyekesha.

Nyumba zao mbili zilikuwa zimebandikana, ukuta mmoja, jiko limepakana na jiko. Walikuwa wameishi vizuri. Kwenye msiba Mama Pacha alipika na kuosha vyombo kuliko ndugu wengi wa damu. Kwa hiyo alianza mbali, akaulizia kazi, akaulizia afya, akasifu maua ya dirishani ambayo yalikuwa yamekauka, ndipo akalitoa lililomleta.

"Jirani, msiba wako ni wangu, na kwa hilo nimemeza mate muda mrefu," alisema. "Lakini mbwa wako ananimaliza. Kila mchana nikishawalaza hawa wawili, nikisema sasa nami nikae kama binadamu, ndipo anaanza. Na akianza hanyamazi. Utadhani kuna mtu anamwambia, haya, wamelala, washa."

"Zamani hakuwa hivyo."

"Zamani alibweka mara mbili, basi, yamekwisha. Sasa ni hotuba. Mnamwita Pamba, kumbe mlitaka sisi tuitie masikioni."

Mke wa Fundi alicheka kidogo kwa adabu, akaomba radhi, akafunga mlango. Alipogeuka, Pamba alikuwa ameketi katikati ya chumba akimwangalia. Neno moja la jirani lilikuwa limemnasa. Kuna mtu anamwambia. Mbwa habweki bure saa ileile ya kila mchana, alijiambia. Habwekei ukuta. Mbwa anabwekea mtu. Basi ni nani anayeingia nyumbani kwangu nikiwa kazini?

Akaanza kukagua. Jikoni aligundua birika lake la filimbi halipo. Tangu msiba alikuwa akichemshia maji kwenye sufuria bila kufikiri, kama alivyofanya mambo mengi siku hizo. Sahani zake zilikuwa zimerudi zote, masinia yamerudi, birika hapana. Akaingia chumba cha kazi, ambako alikuwa hajagusa kitu. Fundi alikuwa mtu wa mpangilio. Hata gizani aliweza kukuokotea sindano aitakayo. Akavuta droo ya chini kabisa. Makopo ya misumari yalikuwa mahali pake, nyuzi mahali pake, chaki mahali pake. Lakini kwenye kona, katikati ya vumbi la pamba na nyuzi, palikuwa na mraba mdogo msafi, kama kiganja cha mtoto. Kitu kilikuwa kimekaa hapo siku nyingi, na kimeondolewa juzijuzi.

Hakujua ni kitu gani. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ameishi na mtu miaka yote ile, na kumbe kwenye droo yake kulikuwa na kitu ambacho mtu mwingine alikijua na yeye hakukijua.

Ufunguo wa pili wa nyumba alikuwa nao mtu mmoja tu, shemeji. Alipewa na kaka yake zamani, kwa sababu alikuwa akija kusaidia kunyanyua makochi mazito. Na mke wa Fundi alikumbuka sasa, tena alikumbuka vizuri mno, kwamba wiki ile baada ya mazishi alimwona shemeji akitoka chumba cha kazi na begi begani, na alipomwuliza alikuwa akitafuta nini, alijibu anafagia. Kufagia na begi.

Mwenye nyumba alikuja siku chache baadaye. Alikuwa na tabia ya kuongea huku anapapasa kuta kutafuta nyufa, na siku hiyo alipapasa muda mrefu kabla ya kufika alikokuwa anakwenda.

"Mama, mimi na mbwa hatuna ugomvi," alisema. "Ugomvi wangu ni simu ninazopigiwa. Si jirani mmoja. Mtaa mzima huu mchana wanamsikia. Ukifika mwisho wa mwezi, ama awe amenyamaza ama awe amepata kwao kwingine. Naomba tusifike mahali pa kuvunjiana heshima."

Aliposhika njia, mke wa Fundi aliketi kwenye kochi la mteja, lile lenye upande mmoja uchi, na Pamba akaja akaweka kichwa juu ya goti lake. Vitu vingine vyote vya marehemu vilikaa pale vilipowekwa. Koti lilining'inia, viatu vilielekea ukutani. Pamba peke yake ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba hii akimtafuta, kama yeye. Kumtoa mbwa huyu kulikuwa ni kubaki kumtafuta mtu peke yake. Akasema kwa sauti, hatoki mtu hapa.

Akajaribu kila alichoambiwa. Mfanyakazi mwenzake, mpiga pasi aliyekuwa na jibu la kila jambo duniani, alimshauri amwachie redio ikilia, na Mama Pacha akaripoti kwamba sasa anasikia taarifa ya habari na mbwa kwa pamoja. Akafunga mapazia ili asione njia. Akaamka mapema na kumtembeza mpaka ulimi wa mbwa ukaning'inia, akamwachia mfupa mkubwa kabla ya kwenda zamu. Mfupa ulitafunwa, usingizi ukalalwa, mchana ukafika, mbwa akabweka. Jioni, mgeni akibisha hodi na Pamba akaanza, yeye alimkemea kutoka jikoni, nyamaza, nyamaza wewe, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo mbwa alivyozidisha.

Mwisho alimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mnene mwenye mikono ya upole, aliyempima Pamba masikio, meno na tumbo huku akimsemesha kama mjukuu. Mbwa ni mzima, alisema. Kisha akamwambia mama asimkemee, kwa sababu mbwa akisikia unapiga kelele naye anaona mmeungana, mnabweka pamoja. Na akamwambia neno jingine ambalo aliondoka nalo. Asihangaike na kubweka kwenyewe. Atafute kile kinachotangulia kubweka. Kabla mbwa hajafungua mdomo, kuna jambo limetokea. Alijue hilo jambo.

Daktari alisema jambo. Mke wa Fundi njiani kurudi alilisikia kama mtu.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alichukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaisaga, akainyunyiza nyuma ya mlango wa mbele, nyembamba kama ukungu. Jioni akainama kuitazama hata kabla ya kuvua viatu. Palikuwa na nyayo za Pamba tu, zimekwenda na kurudi, zimekwenda na kurudi, kutoka chumba cha kazi kuelekea jikoni. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Yeye alisema, basi anapitia nyuma.

Jumamosi shemeji alipokuja kumjulia hali, kama alivyokuwa akija kila Jumamosi, alimkuta mke wa kaka yake ameketi wima kwenye kiti cha mlangoni. Alikuwa mtu mkimya, mwenye mikono myeusi isiyotakata kwa ajili ya kazi ya matairi, na tangu msiba alikuwa amezidi ukimya. Alileta matunda. Alipewa maji ya kunywa. Pamba alimbwekea mlangoni, naye shemeji, badala ya kumkemea, aliinua kiganja kama anayetaka kugonga kitu, kisha akamtazama mke wa kaka yake, akakishusha. Hilo nalo lilihesabiwa.

"Shemeji," mke wa Fundi alisema, "huyu mbwa mchana anambwekea nani?"

Shemeji aliangalia glasi yake. "Mbwa ana mambo mengi."

"Nimekuuliza wewe kwa sababu unamjua."

"Labda nimchukue mimi. Kule gereji kuna nafasi. Akae siku mbili tatu, wewe upumzike na maneno ya watu."

"Kwanza birika, halafu vya kwenye droo, sasa mbwa," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele. "Halafu itakuwa mimi, au mimi sina bei?"

Shemeji alinyanyua uso. Alipotajiwa birika alionekana haelewi kabisa. Alipotajiwa droo, rangi yake ilibadilika, na mke wa Fundi aliiona ikibadilika, wala haikuhitaji taa. Alisubiri ajitetee. Hakujitetea. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza bila kuugonga, akamgusa Pamba kichwani, akaondoka. Matunda yalibaki pale yalipo.

Jumatatu Pamba alibweka kama kawaida. Mama Pacha alimtumia sauti kwenye simu ili asiseme anaonewa. Mke wa Fundi aliisikiliza chooni kazini, mashine za kufulia zikinguruma upande wa pili, na hakupata shaka hata chembe. Shemeji alikwishachonga ufunguo mwingine.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unanyemelea. Akabadilishana zamu na mpiga pasi, bila kumwambia sababu, jambo lililomuuma sana mpiga pasi. Siku hiyo alitoka nyumbani kama siku zote, mkoba mkononi, akamuaga Mama Pacha kwa sauti ya kusikika, akapinda kona, akazunguka kwa uchochoro wa nyuma na kuingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amevaa soksi. Akajiweka nyuma ya lile kochi la mteja, amechuchumaa, nyundo ya marehemu mapajani. Kwa Pamba maficho hayo hayakuwa maficho. Alikuja moja kwa moja, akamnusa uso, akajilaza juu ya miguu yake, wakawa wezi wawili wa kusubiri mwizi.

Mchana ulipita taratibu. Chumba kilinuka gundi. Kupitia ukutani alimsikia Mama Pacha akiwaimbia watoto, sauti ikashuka, ikashuka, ikawa kimya. Mguu wa mke wa Fundi ulikufa ganzi. Alikuwa akijiuliza atasema nini shemeji akiingia, kama ataanza na salamu au ataanza na nyundo, aliposikia mbwa ameinua kichwa.

Mlango haukutikisika. Hapakuwa na hatua wala kitasa. Lakini Pamba alisimama, masikio mbele, akaenda katikati ya chumba na kubweka. Hakuuelekea mlango. Hakulielekea dirisha. Aliielekea stuli ya Fundi. Alibweka mara mbili, akasubiri. Akakimbia mpaka jikoni, akarudi mbio, akaitazama stuli tena, akabweka, mkia ukienda kwa matumaini. Akaenda jikoni, akarudi. Na kadiri stuli ilivyokaa tupu ndivyo sauti yake ilivyopanda, mpaka ikawa ile ya kwenye simu, ile ya mtaa mzima, na sasa akiiona usoni mwa mnyama mke wa Fundi alitambua kwamba haikuwa hasira hata kidogo. Alikuwa anaita.

Ndipo naye alipoisikia. Ilikuwa nyembamba, nyuma ya kelele za mbwa, ikipita kwenye tofali za jikoni. Filimbi. Ilipanda, ikakwaruza, ikakatika kidogo kama mtu mwenye pengo, ikapanda tena. Duniani kulikuwa na birika moja tu lililopiga filimbi ya pengo namna ile, na lilikuwa lake.

Alitoka alivyo, na soksi zake, na nyundo.

Mama Pacha alifungua mlango akiwa na kikombe mkononi na watoto wawili wakilia nyuma yake. Alimwona jirani aliyekuwa kazini, akaiona nyundo, akarudi nyuma hatua.

"Birika," mke wa Fundi alisema.

"Birika gani?"

"Hilo linalopiga kelele jikoni kwako."

Mama Pacha aligeuka akalitazama, likitoa mvuke juu ya jiko, kama analiona mara ya kwanza. Siku ya kugawa vyombo vya msiba, alieleza baadaye, walikuwa wameosha rundo lisilo na mwenyewe, kila mtu akachukua kilichofanana na chake. Alikuwa na birika kama hilo, lililopotea siku hizohizo. Alidhani ndilo, na filimbi imeharibika kwa kuanguka. Alisema hivyo huku akilia na kucheka, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuunganisha mambo kuliko mwenzake, na alikwishaona picha nzima.

"Yaani mwezi mzima," alisema, "nawalaza watoto, nabandika chai yangu, nawaamsha watoto, halafu nakuja kukushtaki wewe."

Wakaketi jikoni, kila mmoja na mtoto. Wakalijaribu. Mama Pacha alilirudisha birika motoni, na filimbi ilipoanza tu, ng'ambo ya ukuta Pamba akajibu. Wakaliondoa, mbwa akaendelea kubweka, maana hakuna aliyemwitikia. Wakacheka mpaka ubavu ukauma, halafu mke wa Fundi akaacha kucheka. Filimbi ya birika ilieleza saa. Haikueleza stuli. Mbwa akisikia maji yamechemka, kwa nini aende kumwambia mtu aliyeketi hatua chache kutoka jikoni, mwenye masikio yake mawili?

Jibu alikuwa nalo mtu mmoja, na mtu huyo yeye mwenyewe alikuwa amemfukuza.

Alimkuta shemeji gerejini amelala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana. Aliongea na miguu hiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko uso. Alisimulia birika lilikokuwa. Alisema amekosa, tena amekosa vibaya, na hakuweka lakini. Miguu haikutikisika. Kisha akasimulia alivyomwona Pamba akiibwekea stuli, na hapo shemeji akajivuta nje polepole, akaketi chini palepale kwenye mafuta, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Kaka alikuwa hasikii," alisema.

"Alikuwa hasikii vizuri, najua. Wateja walikuwa wakimtania."

"Shemeji, alikuwa hasikii. Sikio la kushoto lilikufa zamani, la kulia lilimfuata. Mwishoni alibaki anasikia nyundo tu, na hiyo anaisikia kwa mkono."

Alisema yote kwa kutazama chini. Fundi alimfundisha Pamba tangu mdogo. Mlango ukigongwa, simu ikilia, maji yakichemka, mbwa anakuja mbele ya stuli anabweka, Fundi anagonga meza kwa kiganja mara mbili, kwamba nimeona, anasimama, anakwenda kuangalia, anarudi anamkuna shingo. Mbwa asiyeona mtu akisimama alifundishwa asiache. Mke akiwa nyumbani hakukuwa na haja sana, kwa kuwa mlango aliufungua yeye, simu alipokea yeye, na Fundi alimsoma midomo. Na akikosa kumsoma, alikuwa na misumari mdomoni. Siku ya msiba kila mlango ulifunguliwa na kila simu ilipokelewa, mbwa hakuwa na kazi. Ndugu wale wawili waliwahi kwenda kwa daktari wa masikio, Fundi akapewa kifaa kidogo cha kuvaa sikioni. Alikivaa siku moja. Alisema nyundo ilimpiga yeye badala ya msumari. Akakiweka kwenye kijiboksi, droo ya chini.

"Akaniapisha," shemeji alisema. "Kwamba akitangulia yeye, nikiondoe kabla hujakiona. Ndicho nilichokichukua. Sikuchukua kingine."

"Mimi nilimkosea nini hata afiche?"

Shemeji alikikunja kile kitambaa kichafu. "Alisema wewe unaongea naye vizuri. Ukijua, utaanza kuongea naye kama mgonjwa."

Mke wa Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, na kila hatua ilimletea kitu kilichokuwa machoni pake siku zote. Taa ya chumbani. Mumewe hakupenda izimwe kabla hawajamaliza kuongea. Zima ukimaliza, alikuwa akisema, na yeye alimtania kwamba mwanamume mzima anaogopa giza. Umeme ukikatika alisema tulale, tutaongea kesho, na yeye alinuna. Kulikuwa na siku moja ya giza la namna hiyo alipomsimulia jambo la mtoto wao, yule mmoja aliyeishi siku chache, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Fundi alijibu mmh, akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka alipopitiwa na usingizi. Miaka yote aliamini alisikiwa. Sasa alisimama katikati ya njia, watu wakimpita kushoto na kulia, akijaribu kuamua kama amenyang'anywa kitu au hapana. Hakusikia neno hata moja. Lakini mkono ule ulijua pa kuwekwa. Labda aliusikia mwili ukitetemeka. Alisimama mpaka mtu mmoja akamwuliza kama amepotea.

Alipofungua mlango Pamba alibweka. Mke wa Fundi alikuwa amekwishafungua kinywa kumkemea. Akakifunga. Akaenda kwenye meza ya kazi, akagonga kwa kiganja mara mbili, akasimama wima, akautazama mlango kwa makini kama anayeangalia nani amekuja, akarudi, akamkuna shingo. Mbwa alipumua pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akaenda kulala.

Haikuwa dawa ya siku moja. Mama Pacha alirudisha birika na akanunua jingine la kimya, lakini kulikuwa na simu yake, kulikuwa na wageni wake, na ukuta ulikuwa mwembamba. Akaanza kuugonga ukuta kwa mwiko kila aliposikia mbweko wa kwanza. Siku nyingine Pamba aliridhika, siku nyingine alitaka kumwona mtu akisimama, na mwiko haukumtosha. Shemeji alianza kupita mchana, akitoka gerejini, kuketi kidogo kwenye stuli na kuinuka. Alisema ni kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kufanya, na ngumu.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja, akabisha hodi, mbwa akabweka mara mbili. Mke wa Fundi aligonga meza, akafungua mlango, Pamba akajilaza. Mwenye nyumba alipapasa ukuta, akasubiri hotuba aliyoahidiwa na mtaa, haikuja. Akauliza mbwa amepewa nini. Akaambiwa amejibiwa. Hakuelewa, lakini hakuwa mtu wa kukataa jambo lililokwisha. Na mama alipomwomba ruhusa ya kukipangisha chumba cha kazi kwa fundi mwingine atakayeshinda humo mchana, alikubali, ila misumari isipigwe ukutani.

Katika chumba kile sasa anashonea mama mmoja mshona mapazia. Masikio yake ni mazima. Pamba akibweka, anasimamisha cherehani, anagonga meza, anainuka na kwenda kuangalia.